Mpe Mgeni Kunde

Pengine umejilaza baada ya zamu ya usiku, pengine uko ndani ya basi la kwenda Barking, pengine uko jikoni na redio imekaa juu ya friji. Leo nazungumzia mambo mawili ambayo watu huyaweka mbalimbali: kujitambua na kupika. Nina dai moja tu, nalo ni hili: sisi watu wa Afrika Mashariki tunaoishi London tunakula vyakula vya sherehe kana kwamba kila siku ni Iddi, na afya tunayoitafuta kwa fedha nyingi iko kwenye vyakula tulivyovionea aibu. Kwa hiyo anayetaka kubadili sahani yake, kwanza azungumze na aibu yake.

Nianze na hilo la kujitambua, maana siku hizi limekuwa biashara. Kabla hujapiga mswaki, simu imeshaingia ujumbe wa sauti: Amka! Jitambue! Wenzako wamefika mbali! Kuna makongamano ya kulipia, kuna vitabu, kuna wahamasishaji wenye suti kali. Wala si mambo mapya, na mji huu una mkono wake humo. Mwaka 1859 Mskoti mmoja, Samuel Smiles, alichapisha hapa London kitabu chake cha Self-Help, cha kumfundisha mtu kujiinua kwa juhudi zake mwenyewe, na watu wakakigombania. Sina ugomvi na mawaidha. Shida yake ni kwamba yanakuacha umekaa kwenye kiti ukijitazama, bila kitu mkononi. Jikoni kuna kisu, kuna kitunguu, kuna moto, na hakuna anayekupigia makofi. Ukitaka kujua mtu anajithamini kiasi gani, acha kumuuliza malengo yake ya miaka mitano. Muulize jana usiku, alipokuwa peke yake baada ya kazi, alikula nini.

Jibu la wengi wetu tunalijua. Mbeba boksi ametoka ghalani, au dada ametoka kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu saa kumi na mbili mfululizo. Saa tano za usiku, maduka yamefungwa, lakini duka la kuku wa kukaanga liko wazi, kama lilivyo wazi kwenye kila barabara kubwa ya mji huu. Kuku vipande viwili, chipsi, soda, anamalizia kituoni akisubiri basi. Hiyo ndiyo Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi kuna ukumbi: harusi, arubaini, maulidi, kipaimara, mtoto wa fulani amehitimu. Huko kuna pilau, biriani, sambusa, bajia, katlesi, mandazi, kuku tena, nyama tena. Jumapili tunapasha mabaki ya Jumamosi. Hesabu wiki nzima: ya dukani ipo, ya sherehe ipo. Chakula cha siku ya kawaida kiko wapi?

Kimepotea, na kupotea kwake kuna sababu. Mtu akiwa mbali na kwao, kumbukumbu huchagua. Haikumbuki Jumanne ya mwezi wa pili, inakumbuka Iddi na Krismasi, nazi zikikunwa uani na jirani akileta sahani iliyofunikwa kitambaa. Tukitamani nyumbani tunatamani siku zile, halafu tunazipika. Lakini kule pilau ilikuwa na siku yake, na katikati ya pilau mbili zilipita wiki nyingi za mchicha, kunde, kisamvu, dagaa, mihogo ya kuchemsha, githeri, matoke na maharage. Hapa fedha ya nyama ipo, kuku ni rahisi, basi tumeziondoa zile wiki katikati, tumeunganisha sherehe na sherehe. Mtoto aliyezaliwa Newham anaijua biriani kwa harufu tu akiwa ngazini. Mwekee kunde za nazi, atakuuliza ni kitu gani.

Sasa hebu nikupeleke Kampala. Mwaka 1946 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, mtu aliyepoteza jicho moja utotoni, aliingia kazini Uganda. Alianzia Lira, baadaye akahamia Kampala kwenye hospitali ya Mulago. Madaktari wanamkumbuka kwa saratani ya mataya ya watoto aliyoieleza mwaka 1958, ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ila mimi ananivutia kwa kile ambacho hakukiona. Magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama saratani ya utumbo mpana, kidole tumbo na mawe kwenye nyongo, kwa wanavijiji wa Uganda yalikuwa adimu. Mwenzake, Hugh Trowell, aliyetibu watu Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30, aliona hivyo hivyo kwenye moyo. Mwaka 1956 Trowell na daktari mwenzake waliandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki habari za Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja, na alitosha kuandikiwa makala! Leo, msikilizaji, kaa kwenye msiba wowote wa kwetu hapa London usikilize sababu zinazotajwa.

Burkitt alirudi Uingereza miaka ya 1960, akafanya utafiti hapa London, na swali la Uganda likamfuata: wale watu wanakula nini? Walikuwa wakila matoke, viazi vitamu, maharage, karanga, majani ya kila aina, na nafaka ambayo mashine haijaivua ganda. Kwa neno la wataalamu, nyuzinyuzi. Tena hakuishia kwenye sahani, alikifuata chakula mpaka kinapotokea. Yeye na wenzake walipima uzito wa choo cha wanavijiji wa Uganda na cha Waingereza, wakahesabu na saa za safari kutoka mdomoni, na mwaka 1972 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet. Cheka, nami nacheka. Lakini mzigo wa mwanakijiji ulikuwa mkubwa na safari yake fupi, na wa Mwingereza mdogo uliochelewa njiani. Mwaka 1979 Burkitt akatoa kitabu cha kuwasihi watu wasisahau nyuzinyuzi, akazunguka akihubiri. Si kila alichokidai kimesimama vile vile, lakini kiini kimebaki. Mwaka 2015 kamati ya wataalamu wa lishe wa serikali ya Uingereza ilipendekeza mtu mzima apate gramu 30 za nyuzinyuzi kwa siku, na wengi katika nchi hii hawazifikii.

Basi daktari wako wa mtaa akikukabidhi karatasi yenye maharage, mboga za majani na nafaka isiyokobolewa, ujue sehemu ya elimu hiyo ilitoka kwenye vyungu vya kwetu, ikapanda ndege, ikavaa koti jeupe, ndiyo imekurudia. Wanawake waliokuwa wakivipika vyakula hivyo majina yao hayamo vitabuni. Wewe huenda unawajua, maana mmoja ni bibi yako.

Hapa nisieleweke vibaya. Sisemi umaskini ni afya. Trowell huyo huyo alitumia miaka mingi ya kazi yake juu ya kwashiakoo, maradhi ya watoto waliokosa lishe. Na bibi alilima, alichota maji, alikwenda sokoni kwa miguu. Wewe umekaa kwenye treni, ukashuka ukasimama kwenye ngazi zinazopanda zenyewe. Ukila ugali wa mkulima bila jembe la mkulima, hesabu haitoki. Ninachosema ni kwamba tuliukimbia umaskini, na ilikuwa haki yetu kuukimbia, ila tulipokimbia tulitupa na vitu ambavyo havikuwa na kosa.

Chukua dona. Unga wa mahindi yaliyosagwa na ganda lake na kiini chake. Uliza watu waliosoma bweni Tanzania: dona ni chakula cha shule, cha jela, cha mtu asiye na chaguo. Mtu akipata kazi anahamia sembe nyeupe pee, apate kuwafurahisha wageni. Tulilipa fedha zaidi ili tule kilichoondolewa manufaa. Wazee wa pwani walishaonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Aibu hiyo ilipanda ndege pamoja nasi, na huku imepata chakula kipya cha kuilisha. Wengi wetu tumeishi kwenye nyumba za kupanga vyumba, jiko moja watu sita. Siku ukikaanga dagaa, mwenzako wa chumba cha pili anafungua dirisha kwa kishindo, na kesho kuna kikaratasi kwenye friji. Kidogo kidogo unaacha. Unanunua sandwichi yenye pembe tatu, isiyo na harufu, isiyo na ladha, isiyo na maneno. Hukushauriwa na daktari wala hukukosa fedha, umejipunguza tu ili usimkere mtu. Hapo ndipo kujitambua kunapokuwa jambo la kweli. Jiulize: ni vitu gani vingine nilivyoacha kuvifanya nisisikike harufu?

Yuko mwandishi wa hapa London aliyelifanya jambo hili wazi wazi. Yasmin Alibhai-Brown alizaliwa Kampala mwaka 1949, na alikuja Uingereza mwaka 1972, mwaka ule ule ambao Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Kitabu chake The Settler's Cookbook ni maisha yake na mapishi yake, vimepikwa chungu kimoja. Humo kuna majeraha: msichana wa shule aliyeigiza kama Juliet na Romeo wake akiwa kijana Mwafrika, na baba yake akamsusia mazungumzo. Humo humo kuna jiko linaloendelea: mlo wa Waingereza wa nyama ya kusaga na viazi anautia pilipili, na keki yao ya Victoria anaipa zafarani na ndimu. Ninachompendea ni kwamba hakuficha alikotoka ili akubalike alikofika, wala hakukugeuza alikotoka kuwa pepo. Ameyakubali yote yakae meza moja. Ukubwa wa mtu, kwa maoni yangu, ndio huo.

Sasa tushuke sokoni, maana falsafa haishibishi. Utasikia watu wakisema: vyakula vile London vitapatikana wapi? Vipo. Nenda Queen's Market pale Upton Park, soko ambalo wauzaji na wateja wake walipigana lisivunjwe, mpaka mwaka 2009 mpango wa kujenga mnara pale ukakataliwa. Nenda Ridley Road kule Dalston, nenda Rye Lane ya Peckham. Pilipili hoho, nyanya na bamia zinauzwa kwa bakuli. Kwa Wajamaika kuna callaloo, nayo ni jamii ya mchicha. Kama hukuipata, yale majani ya Waingereza yanayoitwa spring greens yanakatwa na kukaangwa kama sukuma wiki, na Mkenya hatalalamika. Kisamvu kimegandishwa kwenye mafriji ya maduka ya Wakongo, na ukikinunua kichemshe mpaka kiive sawasawa. Unga wa ulezi uko kwenye maduka ya Wahindi kwa jina la ragi, na wa mtama kwa jina la juwar. Changanya na unga wa sembe, ugali unakuwa mweusi kidogo na unakaa tumboni. Vibua wapo kwa muuza samaki yeyote, na NHS, huduma ya afya ya taifa, yenyewe inashauri samaki mara mbili kwa wiki, mara moja awe wa mafuta kama kibua.

Nikupe na mlo mmoja, ukaujaribu. Usiku kabla ya kulala loweka kunde kavu. Nachagua kunde kwa sababu zinakudai uifikirie kesho leo, na mtu aliyezoea kuishi kwa dharura anajifunza jambo hapo. Asubuhi mwaga maji, weka maji mapya, chemsha hadi zilainike. Ukiwa na presha kuka utaokoa muda na bili ya gesi. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia kitunguu saumu, nyanya, bizari ya manjano, mimina kunde. Tui la kopo ni zito, nalo lina mafuta mengi ya aina isiyoupendeza moyo, kwa hiyo tumia nusu kopo, uliongeze maji, kama mama wa pwani anavyotangulia kupikia tui la pili na kuweka lile zito kidogo mwishoni. Maliza kwa ndimu na pilipili nzima. Pembeni weka majani mengi kuliko ulivyozoea, na ugali mdogo kuliko ulivyozoea. Kama utapika maharage mekundu badala ya kunde, yaloweke, uyamwage maji, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya moto wa polepole, kwa maana yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi. Hili nawaambia hasa wenye yale masufuria ya umeme ya kupikia taratibu.

Pika mengi siku ya mapumziko, gawanya, gandisha. Naam, kwenye makopo ya aiskrimu. Watoto wetu wote wamewahi kufungua kopo la aiskrimu wakakutana na maharage, na wote wamekua salama. Ukirudi saa tano za usiku, kopo lile ndilo litakalokupitisha mbele ya duka la kuku bila kugeuza shingo.

Kiasi nacho kina mahali pake. Kwa mtu mzima NHS inasema chumvi isizidi gramu 6 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyojificha kwenye mkate na kwenye vidonge vya supu tunavyovitia kwenye kila mchuzi. Sukari ya kuongezwa isizidi gramu 30. Chai ya maziwa vikombe vitatu, kila kimoja vijiko vitatu, tayari umevuka, na bado soda. Tena sisi watu weusi, pamoja na ndugu zetu wenye asili ya Asia Kusini, tuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kisukari cha ukubwani, na hutupata mapema kuliko Wazungu. Kama una umri kati ya miaka 40 na 74 na huna maradhi ya moyo, kisukari wala mengine ya jamii hiyo, unastahili uchunguzi wa afya wa bure kila miaka mitano. Ukipata barua ya mwaliko, usiiache mlangoni na karatasi za matangazo.

Limebaki la wanaume wenzangu, na sitalizunguka. Tukizungumza habari ya kurudi kwenye chakula cha bibi, wengi wetu tunamaanisha mke arudi jikoni. Mke mwenyewe ametoka zamu ya saa kumi na mbili sawa na wewe. Kisamvu hakijipondi, kunde hazijiloweki. Ikiwa afya ya nyumba inajengwa juu ya uchovu wa mtu mmoja, basi hiyo si afya, ni deni. Wako wanaume waliojifunza kupika London kwa sababu hapakuwa na wa kuwapikia, wakapika vizuri kabisa, kisha wakaoa na wakasahau siku hiyo hiyo. Ndugu yangu, makongamano ya kujitambua umehudhuria. Mkono wako unajua kusonga ugali? Mtoto wako wa kiume amewahi kukuona umeshika mwiko? Kujiendeleza kusikopunguza mzigo wa mtu mwingine ndani ya nyumba yako hakujafika popote.

Na watoto, usiwahubirie. Waite wachambue mchicha, wakune tangawizi, na mikono yao ikiwa na kazi waeleze mambo ya kwenu kama yalivyokuwa: kwamba kulikuwa na siku za ugali na chumvi, kwamba babu alipenda kunde kuliko nyama, kwamba wewe ulichekwa shuleni kwa kubeba kiporo cha mihogo. Mtoto anayejua mzazi wake aliwahi kuona aibu, na ameivuka, anapata cha kushika siku yake ikifika.

Msikilizaji, dakika zangu zinaisha, na sitaki uondoke na azimio kubwa. Pilau usiiache, iachie siku yake. Nataka ujaribu jambo moja tu. Sisi tukitembelewa na mgeni ghafla na jikoni kuna maharage, tunaanza kuomba radhi: tusamehe, leo hatukupika kitu, umetukuta vibaya, ngoja niagize kuku. Safari hii, mgeni akija Jumapili, iwe ni shemeji, iwe ni mchungaji, iwe ni yule jamaa mwenye nyumba tatu kule nyumbani, mpe kunde. Mpe na mchicha na ugali wa ulezi. Weka mezani, mkaribishe, usiombe radhi. Ukiweza hilo bila moyo kukudunda, umejitambua kuliko vitabu vyote ulivyonunua. Na akiomba kuongezwa, kama nionavyo mimi ataomba, mwambie zilivyopikwa.